Ngumbaru si chekechea

Hapa Mombasa, darasa la ngumbaru likitajwa tu, methali iko tayari mdomoni: samaki mkunje angali mbichi. Eti mtu mzima hafundishiki, na akijaribu, sharti aanze a-e-i-o-u kama mtoto, mambo ya kazi yangoje.

Si kweli. Mwaka 1963, mjini Angicos, Brazili, mwalimu Paulo Freire na wenzake waliwafundisha wafanyakazi wapatao 300 kusoma kwa takriban saa 40, wakianzia maneno ya maisha na kazi zao.

Mchukue kuli wa Kilindini anayetaka ukarani wa mizigo. Mwalimu amwandikie ubaoni nambari ya kontena: herufi 4, tarakimu 7. Herufi 3 za mwanzo humtambulisha mwenye kontena. Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi: kila herufi hupewa thamani, zote na tarakimu 6 za mwanzo huzidishwa kwa 1, 2, 4, 8 na kuendelea kufuata nafasi zake, hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa 11, baki ndiyo huandikwa pale mwisho (ikiwa 10, huandikwa 0). Karani akinakili vibaya, mara nyingi hesabu humuumbua. Naupenda sana mfano huu: kusoma, kuzidisha na kugawanya, vyote ubavuni mwa kontena analolipita kila siku.

Na mama muuza viazi Kongowea, anayepiga hesabu za magunia na chenji kichwani tangu alfajiri, ya nini kumhesabisha maembe ya kuchorwa? Mfungulie daftari lake la madeni: jina, kilo, bei, tarehe ya kulipa.