Kipozeo cha kuvaa: maana yake na kinavyobuniwa

Kipozeo cha kuvaa ni kifaa kinachofungwa kwenye goti, kifundo cha mguu, kiwiko au bega lililoumia, kikaondoa joto mahali hapo kwa kiwango na kwa muda uliopangwa. Hapo ndipo kinapoachana na barafu iliyofungwa kwenye khanga. Barafu inapoza, hilo halina ubishi, ila haijui iishie wapi.

Kifundo kikiteguka, kano huvutika kupita kiasi au kuchanika, mishipa midogo ya damu huvuja na uvimbe huanza. Baridi hubana mishipa hiyo na kupunguza kasi ya neva kupeleka maumivu. Wengi bado hukimbilia maji ya moto na kuchua kwa nguvu, jambo ambalo katika saa za mwanzo huongeza damu palepale inapovuja. Lakini baridi nayo isisifiwe kupita kiasi. Daktari wa Marekani Gabe Mirkin, aliyeeneza mwaka 1978 kanuni ya kupumzisha, kuweka barafu, kubana na kuinua, miaka mingi baadaye alisema mwenyewe kwamba barafu inaweza kuchelewesha kupona. Basi kifaa hiki ni cha kutuliza maumivu na uvimbe wa mwanzo. Anayekiuza kwa ahadi ya kuponya haraka anatia chumvi.

Mbunifu hulenga ngozi ifike nyuzi joto 10 hadi 15 hivi, kwa dakika 20 au pungufu, kisha ipumzike. Barafu inayoyeyuka ina nyuzi 0. Iliyotoka sasa hivi kwenye friza inaweza kuwa nyuzi 18 chini ya sifuri, na hiyo huunguza ngozi. Goti lina hatari yake ya pekee: upande wa nje, chini kidogo ya goti, neva hupita karibu sana na ngozi, na ikipozwa mno mtu anaweza kushindwa kuinua wayo. Ndiyo maana kifaa kizuri huwa na kitambaa kati yake na ngozi, pamoja na sensa ya joto inayokizima. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asikivae bila ushauri wa daktari, maana hatasikia kwamba anaungua.

Swali gumu ni moja: joto likishatoka kwenye kiungo, linakwenda wapi?

Njia ya kwanza ambayo wengi hufikiria ni ya umeme, kile kibamba cha Peltier kinachopoa upande mmoja na kupata moto upande wa pili. Kinavutia kwa sababu hakihitaji barafu wala maji. Lakini kibamba cha kawaida cha sentimita 4 kwa 4 kinaweza kunywa wati 60. Pawabenki ya miliampia-saa 10,000 ina takriban wati-saa 37, kwa hiyo haifikishi hata dakika 40. Na ule upande wa moto unahitaji feni. Kwenye joto la Mtwara mwezi Desemba, feni hiyo inapuliza hewa ambayo yenyewe ni moto.

Njia ya kuacha maji yakauke kwenye kitambaa ni rahisi mno, na bara kwenye hewa kavu inafanya kazi vizuri. Mikindani au Lindi mjini, hewa imeshajaa unyevu wa bahari. Kitambaa kinabaki chepechepe na goti linabaki na joto lake. Unyevu huohuo hugeuka kuwa matone ya maji juu ya kitu chochote cha baridi, hivyo saketi zikae ndani ya mfuko usiopitisha maji, na upande wa nje uwekwe sponji nene ili baridi isiishie hewani.

Pampu ya kuzungusha maji ya barafu kutoka kwenye ndoo hadi kwenye mkanda wa goti ni nzuri hospitalini, baada ya upasuaji. Uwanjani mipira yake ya kupitishia maji inakera.

Iko njia nyingine ninayoipenda zaidi: vifuko vya nta maalumu inayoyeyuka kwenye nyuzi 10 hivi. Ukiyajua mafuta ya nazi yanavyoganda asubuhi za kipupwe na kuyeyuka jua likipanda, umeshaielewa. Nta inapoyeyuka hufyonza joto bila yenyewe kupanda joto, kwa hiyo muda wote inapoyeyuka haiwezi kuishusha ngozi chini ya nyuzi 10 hivi, hata sensa ikiharibika. Kilo moja hufyonza karibu nusu tu ya joto linalofyonzwa na kilo ya barafu, basi kifaa kinakuwa kizito kidogo. Kuigandisha tena hakuhitaji friza wala umeme: kisanduku cha maji yenye barafu, ileile wanayonunua wauza samaki, kinatosha. Kwa timu inayocheza Ruangwa, mkoani Lindi, au uwanja wa Nangwanda Sijaona, Mtwara, seti mbili zingefaa, moja gotini na nyingine kisandukuni.