Kitabu cha Broadmead na jinsi ya kukisoma

Kanisa la Kibaptisti la Broadmead, mjini Bristol, Uingereza, lina hazina ambayo makanisa mengi ya karne ya 17 hayana: mzee wake mmoja, Edward Terrill, aliketi akaandika. Kumbukumbu hizo zinaanzia 1640 hadi 1687, na zimechapwa zaidi ya mara moja, yakiwemo matoleo ya 1847 na 1974. Ukifuatilia majina ya watu, tumia toleo la 1974. Lile la 1847 lilinyoosha tahajia.

Si kila ukurasa una uzito sawa. Terrill alianza kuandika miaka ya 1670, kwa hiyo habari za mwanzo alizipokea kwa wazee. Humo ndimo tunamkuta Dorothy Hazzard, mke wa kasisi wa parokia, akikubaliana na wanaume wanne mwaka 1640 kujitenga na ibada ya kanisa la serikali. Hawakuwa Wabaptisti bado. Ubatizo wa watu wazima uliingia miaka ya 1650, mchungaji Thomas Ewins na mzee Robert Purnell walipokwenda London kubatizwa na mchungaji Henry Jessey. Hata baada ya hapo Broadmead haikumlazimisha kila mtu, hivyo jina kuwamo kwenye orodha ya washirika halithibitishi kwamba mwenyewe alizamishwa majini.

Katika sehemu hiyo ya mwanzo yumo pia Frances, mtumishi Mweusi, ambaye Terrill anamtaja kama mshirika wa kukumbukwa. Akiwa mahututi aliwatumia waumini ujumbe wasiache utukufu wa Mungu upotee. Ni mistari michache tu, lakini kwangu ina thamani kuliko kurasa nyingi za mabishano ya mafundisho.

Ukifika miaka ya 1670 unasoma maneno ya shahidi. Sheria ya 1670 ilipiga marufuku ibada nje ya kanisa la serikali ikiwa wamehudhuria watu watano au zaidi, mbali na wenye nyumba; mhubiri alitozwa pauni 20, na mtoa habari alipata mgawo wa faini. Terrill anaeleza mbinu yao. Walitundika pazia ukumbini, mhubiri akasimama nyuma yake pamoja na watu walioaminika, ili mpelelezi aisikie sauti asiuone uso. Wanawake walikaa ngazini kuwachelewesha maofisa. Ishara ikitolewa, mhubiri aliketi, pazia likavutwa, na wote wakaanza zaburi iliyokwisha kuchaguliwa, Biblia mkononi. Nani alikuwa akihubiri? Hakuna wa kuapa mahakamani.

Angalia tarehe. Kabla ya 1752 mwaka wa kisheria Uingereza ulianza 25 Machi, kwa hiyo Februari 1674 ya wakati ule ni Februari 1675 kwetu. Usipolirekebisha hilo, mtu ataonekana amefungwa kabla ya kukamatwa.

Anayetafuta ukoo asitegemee ubatizo wa watoto, kwa kuwa Wabaptisti hawakuufanya. Madaftari yao, pale yalipokuwapo, yaliandika kuzaliwa na maziko. Mengi yalikabidhiwa serikalini kuanzia 1837 na sasa yako Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Kew, London, katika mfululizo wa nyaraka uitwao RG 4. Ndoa za kuanzia 25 Machi 1754 hadi 1837 zitafute kwenye madaftari ya parokia za Kianglikana, kwani sheria iliwalazimisha Wabaptisti kufungia huko. Waliosamehewa ni Wakweka (Quakers) na Wayahudi.