Dodoso la ubora wa maisha ajaze mgonjwa mwenyewe

Dodoso hili ni la nini?
Ni maswali anayojibu mgonjwa aliye kwenye utafiti wa dawa za saratani: maumivu, usingizi, hamu ya kula, uchovu, mawazo, hata hali ya fedha. Linalotumika sana, QLQ-C30, lina maswali 30. Karibu yote yanajibiwa kwa namba: 1 hapana kabisa, 4 sana.

Mama amechoka na safari ya kutoka Ukerewe. Nimjazie?
Hapana. Hata kama unamuuguza usiku na mchana, hapana. Hapa Mwanza tunaliona kila kliniki: kijana anashika kalamu, anazungushia 1, 1, 1 mpaka chini ya ukurasa, na mama yake yuko pembeni anahangaika na kifungo cha blauzi kwa sababu vidole vina ganzi. Ganzi hiyo inaletwa na baadhi ya dawa za kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, na ikinyamaziwa inaweza kubaki hata matibabu yakiisha. Kijana haijui. Anaona mama anakula, basi mzima.

Asiyeweza kusoma atasomewa na muuguzi, swali kama lilivyo, naye ataje namba. Kama Kiswahili kinamsumbua, semeni mapema. Msimtafsirie kwa Kisukuma au Kikerewe mnavyoona wenyewe.

Nikisema naumwa sana, si nitatolewa kwenye utafiti?
Dodoso halipo kwa ajili ya kukutoa. Narudia: halipo kwa ajili ya kukutoa. Daktari anaweza kupunguza dozi, kuiahirisha kidogo au kukuongezea dawa ya kichefuchefu, na hayo ni matibabu. Acheni kutuambia "sijambo" kwa adabu wakati usiku hamlali! Matokeo ya utafiti wa Marekani yaliyotolewa 2017 yalihusu wagonjwa 766. Kati ya walioripoti dalili zao kila mara na wauguzi kuzifuatilia, nusu waliishi zaidi ya miezi 31. Kwa wenzao wa utaratibu wa kawaida ilikuwa 26.

Naweza kuruka swali?
Ndiyo, ni haki yako.

Nina homa na kliniki ni wiki ijayo. Nisubiri niiandike?
Usisubiri. Karatasi inaweza isisomwe siku hiyo. Nyuzi 38 ukiwa kwenye kemo ni dharura, kwa kuwa kinga imeshuka na maambukizi yanaweza kuua haraka. Panadol inashusha homa, haiui vijidudu. Piga namba uliyopewa na watu wa utafiti, nenda hospitali ya karibu usiku huohuo, useme uko kwenye kemo. Aliye Ukerewe asingoje kivuko cha asubuhi. Aanzie hospitali ya Nansio. Dodoso atalijaza baadaye.