“Nikiacha Kumsaidia, Nitakuwa Nimemtupa”: Dhana Potofu Kuhusu Utegemezi wa Kihisia kwa Mlevi

Kauli hiyo naisikia kwa wake, kwa waume, na kwa akina mama wenye vijana walioingia katika ulevi, mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kuimalizia kabla msemaji hajafika mwisho. Kwa kawaida hufuatwa na methali ya mvumilivu kula mbivu, ambayo katika jambo hili ingefaa ipumzishwe.

Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kinachoitwa msaada ndiyo inayouwezesha ulevi kuendelea. Mke anayempigia bosi simu kusema kuwa mumewe ana malaria, ilhali amelala na pombe ya jana, kisha akalipa deni la baa kwa fedha za kikoba na kuwaambia watoto kwamba baba amechoka tu, anamwondolea mumewe kila sababu ya kujiuliza kuhusu unywaji wake. Madhara hayajapungua, yamehamishiwa kwa asiyekunywa. Huo ndio utegemezi wa kihisia: maisha yako kuzunguka unywaji wa mwingine hata ukashindwa kumkatalia jambo.

Mbinu ya CRAFT, iliyobuniwa Marekani, humfundisha ndugu wa mlevi kuacha kuyafunika madhara hayo, kuwa naye karibu anapokuwa hajalewa, na kuchagua wakati unaofaa wa kumtajia matibabu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, asilimia 64 ya walevi waliokuwa wamekataa tiba waliingia katika matibabu baada ya ndugu zao kufundishwa hivyo, dhidi ya asilimia 30 kwa njia ya kikao cha familia cha kumkabili mlevi, ambacho kwetu ndicho huitishwa kwanza. Mwekee chakula, mpeleke hospitali akiugua, lakini simu ya kazini aipige mwenyewe. Nasisitiza kuanza na simu hiyo. Asilazimishwe, hata hivyo, kuacha pombe ghafla nyumbani ikiwa hunywa sana kila siku, kwa maana degedege linaweza kumuua.

Wapo wanaodhani utegemezi huu wa kihisia ni ugonjwa wa akili. Haumo kama ugonjwa katika DSM-5, mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, wala katika ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Ni mazoea ambayo wengi hujifunza utotoni, na yaliyojifunzwa huweza kubadilishwa. Wala kumtunza mzazi mzee si utegemezi wa kihisia, ilimradi unaweza kukataa jambo bila kuingiwa na hofu.

Kwamba dawa pekee ni kuondoka, si kweli, kwani wengi huondoka na kuingia katika uhusiano wa namna ileile. Palipo na kipigo ni jambo jingine: mpango wa usalama na Dawati la Jinsia la polisi hutangulia mazungumzo yoyote ya mipaka, yaani kumwambia yale usiyokubali tena kumfanyia, kwa sababu mipaka huweza kuchochea kipigo.

Tena wengine husema, “Akiacha pombe, nami nitapona.” Nimewaona wake ambao waume zao wameacha kabisa, nao bado wananusa mashati na kupekua mifuko usiku. Al-Anon, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1951, ni jumuiya ya vikundi vya kusaidiana vya ndugu na marafiki wa walevi, nao hukaribishwa hata kama mlevi mwenyewe anaendelea kunywa.