Dodoma ulale wapi? Anza na geti la ofisi unayokwenda, bei ya chumba baadaye

Kila gesti ya Dodoma iko mjini, ukiwauliza wenyewe. Ya Nzuguni iko mjini, ya Mkonze iko mjini, na ya Ihumwa ukiibana sana utaambiwa, "Ni hapo hapo tu, bajaji inakufikisha." Kusema kweli hawadanganyi. Eneo la Jiji la Dodoma linazidi kilomita za mraba 2,500, kwa hiyo mtu anaweza kulala ndani ya jiji na bado asubuhi akawa na safari ya nauli mbili kufika ofisi aliyoiendea.

Nilisomea mipango miji, ila kinachonilisha ni kupanga safari za vikundi kutoka hapa Iringa, Njombe na Mbeya. Napeleka walimu wanaofuatilia mafaili yao, viongozi wa ushirika wa chai na parachichi walioitwa wizarani, kwaya, wazazi wenye watoto Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na ndugu wanaosindikiza wagonjwa. Karibu wote huanza na bei. "Mwanangu, nitafutie chumba cha bei ya kawaida, karibu na wizara." Wizara ipi, mama? Hapo ndipo simu inapowekwa chini kwanza, barua itafutwe kabatini.

Kwetu mazoea ni mengine. Mbeya au Iringa ukilala popote jirani na soko kuu, mambo yako mengi unayamaliza kwa miguu au kwa bodaboda moja. Miji hii ilikua yenyewe: biashara ilifuata barabara, ofisi zikaifuata biashara, gesti zikajibanza katikati. Mji mkuu uliopangwa haukui hivyo. Kwanza inachorwa ramani, na kila kazi inapewa eneo lake: serikali huku, chuo kule, hospitali kule, stendi kule. Anayeumia kwa mpangilio huo ni mgeni asiye na gari.

Dodoma ina historia yake inayoeleza umbali huo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ulifanyika mwaka 1973, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA, ikaundwa mwaka huo huo. Mpango mkuu wa kwanza ulitoka mwaka 1976, umechorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Canada. Mwalimu Nyerere hakutaka mji wa maghorofa na minara ya kujionyesha. Alitaka makazi ya kiasi, watu watembee kwa miguu na kupanda mabasi, kila mtaa uwe na shule na maduka yake, na kati ya mtaa na mtaa kuwe na ardhi ya wazi. Wazo zuri, na mpaka leo nalipenda. Lakini ardhi hiyo ya wazi ndiyo inayomfanya mgeni aone kwenye ramani ya simu kwamba ofisi ipo "hapo ng'ambo", kumbe kati yake na ofisi kuna korongo, kichaka na njia isiyo na taa.

Kisha mpango ukalala kwa miaka mingi. Bunge lilihamia mwaka 1996, wizara nyingi zikabaki Dar es Salaam. Mwaka 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali inahamia Dodoma, na kufikia Aprili 2019 Mji wa Serikali ulikuwa umezinduliwa Mtumba, kilomita 17 hivi kutoka katikati ya mji wa zamani. CDA yenyewe ilikuwa imeshavunjwa mwaka 2017. Matokeo yake, mji wenye hoteli za zamani, stesheni ya reli ya kati na soko la Majengo uko upande mmoja, na meza inayolishika faili lako iko upande mwingine.

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya safari hiyo ipo kwenye mstari mmoja. Mambo ya serikali yametundikwa kwenye barabara ya Dar es Salaam kama nguo kwenye kamba: unatoka mjini, unalipita Bunge, unafika maeneo ya Kisasa, halafu Nanenane na Nzuguni kwenye kituo kikuu cha mabasi, halafu Ihumwa, halafu Mtumba. Mbele zaidi ndiko Chamwino, iliko Ikulu. Ukishaujua mstari huu, kuchagua pa kulala kunakuwa hesabu ndogo.

Anayekwenda Mtumba namshauri alale Kisasa, Ilazo, Ipagala au Nzuguni. Wengi hunipinga, wanataka kulala mjini kwa sababu jioni kuna watu, kuna chipsi, kuna taa. Nawaelewa. Lakini Mtumba si mahali pa kuchelewa. Wizara zimetawanyika kwenye eneo pana, na kutoka barabara kuu hadi kwenye jengo unalolitafuta si hatua chache. Getini kuna kuandikishwa na kuonyesha kitambulisho, na ofisa unayemtafuta anaweza kuingia kikaoni saa nne asitoke tena. Ukiwa Kisasa unapanda gari linaloelekea mashariki na unafika mapema. Ukiwa mjini unaanza na daladala ya kutoka mtaani, kisha nyingine, na ile pesa uliyookoa kwenye chumba inaishia kwa bodaboda uliyemkodi kwa hofu ya kuchelewa. Kulala Ihumwa au Mtumba kwenyewe kunawezekana, nyumba za wageni zinazidi kuota huko, ila usiku pamepoa mno na chakula utakula kilichopo. Kwa usiku mmoja sawa. Kwa wiki nzima, hapana.

Anayekwenda Bungeni, benki, hospitali ya rufaa ya mkoa au kwenye ofisi zilizobaki mjini, huyo ndiye wa kulala mjini kweli: Makole, Uzunguni, Area C, Area D. Area C na Area D ni mitaa ya nyumba za kuishi ambazo nyingi zimegeuzwa loji. Patulivu, na wenye nyumba wameshazoea wageni wa posho. Ukitaka kelele na bei ya chini, sogea Majengo.

Wazazi wa UDOM na wanaosindikiza wagonjwa Hospitali ya Benjamin Mkapa ni kundi lingine, na ndilo huwa nalishughulikia taratibu zaidi. Chuo kilianzishwa mwaka 2007 kwenye vilima vya Chimwaga, na vitivo vyake vimekaa mbalimbali kiasi kwamba "niko UDOM" si maelekezo. Mwulize mtoto jina la kitivo chake kabla hujakata tiketi. Hospitali ya Mkapa ipo upande huo huo wa chuo. Mwenye mgonjwa wodini ataingia asubuhi na kurudi jioni, siku baada ya siku. Huyo atafute chumba cha karibu hata kama ni cha kawaida, na aombe bei ya wiki, maana wenye nyumba za huko wanajua hali hizo na wengi hupunguza. Hosteli za makanisa nazo huwafaa watu hawa na kwaya pia. Ni safi, hakuna baa, ingawa geti hufungwa mapema na mlinzi hana mchezo.

Sasa majina. Hapa hata wenyeji hukosea. Kuna Chamwino ya Ikulu, ambayo ni wilaya nyingine kabisa, na kuna Chamwino kata ya hapo hapo jijini. Kuna Area C na kuna Mlimwa C, na mtu wa bodaboda akisikia "C" tu anaondoka. Kuna Makole na kuna Makulu. Usikubali maelekezo ya jina la mtaa peke yake. Tangu kazi ya anwani za makazi ya mwaka 2022, nyumba zimepewa namba na barabara zimepewa majina. Mwombe mhudumu wa mapokezi akutumie jina la barabara, namba ya nyumba na mahali ilipo kwenye ramani. Akishindwa vyote vitatu, tafuta kwingine.

Kuna jambo ambalo watu wa kwetu hawaliulizi kwa sababu kwetu si tatizo: maji. Ukitoka Rungwe au Njombe, maji ni kitu kinachotoka tu. Dodoma ni nchi kavu. Mvua yake karibu yote inakuja kati ya Desemba na Aprili, na kwa miaka mingi jiji limetegemea visima vya Makutupora. Mgawo upo. Kwa hiyo usiulize "mna maji?" kwa sababu utajibiwa ndiyo. Uliza: mna tenki kubwa kiasi gani, na linalisha vyumba vyote au vya chini tu? Kwenye jengo la ghorofa swali hilo la pili ndilo lenye kazi. Na usishangae sabuni ikigoma kutoa povu, maji ya visima ndivyo yalivyo.

Joto nalo. Dodoma ipo mita 1,100 na kidogo juu ya usawa wa bahari, Mbeya mita 1,700 hivi, Njombe juu zaidi. Oktoba na Novemba mtu wa Makete atalala sakafuni. Chumba cha juu kabisa kilicho chini ya bati kinachemka jua likishazama, na chumba ambacho ukuta wake unatazama magharibi kimepigwa jua mchana mzima. Omba cha chini, upande wa mashariki, unakotoka upepo. Ukipata hicho, feni inatosha na kiyoyozi ni kulipa bure. Juni na Julai wenyeji watakuonya kuhusu baridi ya usiku. Ukitokea Mafinga utatabasamu tu.

Kalenda inaamua bei kuliko ubora wa godoro. Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, na kipindi hicho vyumba vizuri vya karibu na Bunge huwa vimeshikwa na wabunge, maofisa na wageni wao. Vikao vingine vya Bunge ni vifupi lakini navyo vinabana. Mwanzoni mwa Agosti kuna maonyesho ya wakulima ya Nanenane, na viwanja viko Nzuguni, pale pale ninapowashauri watu walale. Watu wa Mbeya wanajua hali hiyo: mwaka 2022 na 2023 maonyesho ya kitaifa yalifanyika viwanja vya John Mwakangale, wakaona gesti zao zilivyojaa. Mwaka 2024 yalirudi Dodoma. Ongeza mahafali ya vyuo ya mwisho wa mwaka na mikutano mikubwa ya CCM. Kama tarehe yako inaangukia hapo, shika chumba mapema kwa kutuma sehemu ya malipo, na utunze ujumbe wa muamala. "Nimekuwekea, kaka" bila malipo haina uzito mbele ya mgeni mwenye pesa mkononi. Na kama ofisi yako inadai risiti ya mashine, uliza kabla ya kutuma hata shilingi. Gesti nyingi ndogo zitakuandikia ya kitabu.

Kwa wateja wangu wa Kyela na Tunduma wanaofanya biashara Malawi, huwa naeleza kwa mfano wa Lilongwe, kwa sababu wameshapita huko. Nayo ni makao makuu ya kupangwa, serikali ilihamia kutoka Zomba mwaka 1975. Soko, mabasi na vyumba vya bei ndogo viko Old Town. Wizara ziko Capital Hill. Katikati kuna msitu wa hifadhi. Mitaa yake ni Area zenye namba, na namba hizo hazifuatani kijiografia, kwa hiyo ukilala kwenye Area yenye namba jirani na unakokwenda unaweza kuwa umelala upande mwingine wa mji. Aliyelala Old Town akiwa na miadi Capital Hill hahitaji nimweleze habari ya Mtumba.

Kufika kwenyewe si kazi. Kutoka Iringa ni kilomita 260 hivi za lami, Kihesa, Nduli, Nyang'oro, Migori, unavuka bwawa la Mtera, na ukiondoka alfajiri unaingia Dodoma kabla ya mchana. Kutoka Mbeya ni siku nzima. Basi huingia mjini likitokea kusini na safari yake inaishia Nanenane, kwa hiyo mwenye chumba mjini amuulize konda mapema kama anaweza kushuka kabla. Na kwa kuwa mabasi ya usiku yameruhusiwa tena tangu Oktoba 2023, unaweza kujikuta Nanenane saa tisa usiku. Waambie gesti saa yako halisi ya kufika, la sivyo utagonga geti mpaka majirani waamke.

Mtu wa Iringa mwenye shughuli moja anahitaji usiku mmoja, basi. Wa Mbeya na Songwe ninawapangia usiku wa mwisho Nzuguni, popote walipolala siku za mwanzo: wanahamisha begi mchana wakitoka Mtumba, wanakata tiketi jioni hiyo hiyo, na asubuhi wanatembea kwa miguu hadi kwenye basi. Zabibu za kupeleka nyumbani wanunue jioni hiyo soko la Job Ndugai, lililo jirani na stendi. Za dirishani njiani huwa zimeshapigwa jua.