Soma kwa kalenda ya dagaa

Wanafunzi wetu wa masomo ya mbali, hasa wanaojiandaa kwa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea, huanza mwaka kwa kuchora ratiba. Rula, kalamu za rangi tatu, hisabati kila siku saa 2 hadi saa 4 usiku. Huwa nazitazama kwa huruma. Zimechorwa kana kwamba mwenye daftari hana mtoto wa kuumwa, hana msiba, hana ziwa.

Mama mmoja anayeanika dagaa Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika mjini Kigoma, alinijia ratiba ikiwa imemshinda wiki ya pili. Nikamwuliza: mitumbwi haitoki siku zipi? Akacheka. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaifuati taa, wavuvi wanabaki nchi kavu, na mchangani hakuna cha kuanika. Basi siku hizo tukazipa masomo mazito, hisabati na insha. Siku za giza, anapodamkia ufukweni kugombea ndoo, akabaki na kazi ndogo tu: maswali matano kwenye kipande cha karatasi, ayajibu bila kufungua kitabu huku akigeuza dagaa juani.

Karatasi ile si ya kupotezea muda. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima kumbukumbu mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alionyesha kuwa tulichojifunza hutoroka upesi saa za mwanzo, na kwamba marudio ya siku tofauti hukikaza kuliko kukirundika siku moja. Kwa hiyo maswali ya juzi yarudi leo, kisha wiki ijayo.

Wengi husema, "Ningepata nafasi ningesoma." Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi, Mei 15 hadi Agosti 15, nami nikatarajia madaftari yajae. Wapi! Baadhi walisoma kidogo kuliko walipokuwa na kazi. Mfuko ulikuwa mkavu, akili haitulii, na siku isiyo na mipaka kila saa yake ni "baadaye". Waliosonga mbele ni wale waliopeana ahadi wawili wawili: Jumanne na Ijumaa, kwa simu ikibidi, kila mmoja amtupie mwenzake maswali matano.

Ukipotea wiki mbili, usijitwishe deni la kurasa zote. Anzia wenzako walipo leo, jibu swali moja, mtumie mwezeshaji wako. Yaliyopita utayaokota kidogo kidogo kabla ya mtihani wa Novemba. Na ukija kituoni, ratiba ya rangi iache nyumbani. Njoo unisimulie wiki yako ilivyokwenda kweli, na msiba wake.