Si ukungu huo, shangazi

Juzi shangazi yangu wa Kisauni alinipigia simu kwa hasira. Mahindi aliyoyafunga kwenye kitambaa kibichi yameota, ila mizizi imevaa utandu mweupe kama pamba. "Yameingia ukungu, nayatupa."

Nikamuuliza: ncha ya mzizi iko tupu, na utandu umeanza nyuma yake, umezunguka sawasawa? Ndiyo. Basi hivyo ni vinyweleo. Ukungu hauna adabu hiyo, hutambaa popote. Kila kinyweleo ni seli moja ya ngozi ya mzizi iliyojinyoosha nje, mara nyingi haifiki hata milimita 1. Angeyaotesha mahindi hayohayo ndani ya glasi ya maji, mizizi ingetoka karibu laini kabisa. Unyevu wenye hewa ndio unaovichomoza.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi vinavyoutafutia mmea fosforasi, mojawapo ya virutubisho vyake. Udongo wetu wa juu ya matumbawe umejaa chokaa, na kalsiamu huishika fosforasi ikawa haiyeyuki. Hata ile kidogo iliyoyeyuka haitembei na maji kama naitrati, kirutubisho chenye naitrojeni. Mzizi hula iliyo karibu, kisha unabaki na njaa katikati ya shamba. Kinyweleo ndicho mkono wa kufikia mbele ya hapo. Mwaka 1996 watafiti Bates na Lynch walionyesha kwamba mmea mdogo wa Arabidopsis, ukinyimwa fosforasi, hurefusha vinyweleo karibu mara 3. Mwaka 2018 ikaonekana njia yenyewe, kwenye Arabidopsis na kwenye mpunga pia: oksini, homoni ya ukuaji, husafirishwa kutoka nchani hadi pale vinyweleo vinapoota, navyo vikarefuka. Ukiumwagia fosforasi tele, mmea hauna sababu ya kujisumbua.

Chumvi hufanya kinyume. Kwenye Arabidopsis, chumvi nyingi hupunguza urefu wa vinyweleo na idadi yake, kwa hiyo anayemwagilia mchicha kwa maji ya kisima cha chumvi huenda anaubana pande mbili: kiu, na mikono mifupi.

Shangazi alinyamaza kidogo. "Sasa mwanangu, nusu nishayasugua."

Nikamwambia ayapande tu, ila yaliyobaki asiyaguse mizizi. Palipong'olewa vinyweleo havioti tena. Vipya vitatoka mbele, mzizi unaporefuka.